"Sahani hupigwa muhuri": hiki ni Kiswahili gani?

Msomaji mmoja anatafsiri maelezo ya mafunzo kwa mafundi wa seli za hidrojeni, yaani vile vifaa vinavyotoa umeme kwa kutumia hidrojeni na hewa, kaniandikia hivi: "Mwalimu shikamoo. Programu ya kutafsiri imenipa sentensi hii: Sahani za bipola za seli za mafuta hutengenezwa kwa kupiga muhuri karatasi za chuma cha pua, kisha hulehemiwa na kuwekwa mipako. Kisarufi naona iko sawa ila nikimsomea fundi anabaki kunitolea macho tu. Nirekebishe wapi?"

Marahaba. Kisarufi iko sawa kweli, upatanisho wote umekaa, shida ni kwamba karibu kila neno limeokotwa bila mtu kuangalia hicho kitu chenyewe kinafanya kazi gani, na lugha ya karakana haisamehe hilo, fundi anataka neno litakalomwonyesha mkono wake uende wapi.

Tuanze na sahani. Sahani ni chombo, kina nafasi ya kupokea kitu, sasa hiki tunachokisema ni kipande bapa cha metali chenye vifereji, kinakaa katikati ya seli moja na seli inayofuata. Kiswahili kina bamba zamani sana kwa kazi hiyo hiyo, wingi mabamba, na ngeli yake haina utata: bamba hili, mabamba haya. Wengine wataniambia mbona tusiseme bati tu, neno ambalo kila fundi analo? Hapo mimi ningeyatumia yote mawili ila kila moja mahali pake. Bati ndio malighafi, ile metali nyembamba inayokuja ikiwa imeviringishwa, unene wake karibu milimita 0.1 tu, na bamba ndio kinachotoka baada ya kazi. Bati linaingia kwenye mashine, bamba linatoka. Ukishasema hivyo hizo "karatasi" zinakufa zenyewe na hakuna atakayezilia.

Bipola naiacha kama ilivyo. Nimeona watu wanaandika "bamba la ncha mbili", lakini ncha ni mahali kitu kinapoishia kwa kuchongoka na hili bamba halijachongoka popote, wengine "bamba la pande mbili", sasa nitajie bamba lenye upande mmoja. Maana yake ni kwamba uso mmoja wa bamba umegusa anodi (upande wa hidrojeni) ya seli hii na uso wa pili umegusa kathodi (upande wa hewa) ya seli ya jirani, kwa hiyo umeme unapita moja kwa moja kutoka seli hadi seli, na ni lazima zipangwe nyingi hivyo kwa sababu seli moja ikiwa kazini inatoa volti 0.6 au 0.7 hivi, haiendeshi kitu cha maana. Toyota Mirai ya mwaka 2014, gari linaloendeshwa kwa seli hizi, ilikuwa na seli 370 kwenye rundo moja. Eleza hilo mara moja mwanzoni mwa maelezo yako halafu endelea na bipola bila wasiwasi.

Chuma cha pua sasa. Pua kwa maana hii ni neno halali kabisa, ni chuma kigumu, ndugu yake feleji, ila haimaanishi kwamba hakishiki kutu! Nadhani programu za kutafsiri ndizo zimelisambaza kwa maana hiyo mpaka limezoeleka. Unachokitaka wewe ni chuma kisichoshika kutu, au stenlesi kama mafundi wenyewe wanavyosema, mara nyingi ile aina ya 316L. Na kichwa cha habari chako kikiwa kinahusu mabamba yote kwa jumla basi andika metali badala ya chuma, maana yapo ya titani pia, hiyo hiyo Mirai inatumia titani, na titani sio chuma.

Kupiga muhuri ndiyo iliyonichekesha zaidi manake muhuri unapigwa kwenye barua. Neno la Kiingereza, stamp, ni moja kwa muhuri, kwa stempu na kwa presi, programu ikachagua la ofisini. Kinachotokea ni hivi, bati linawekwa katikati ya vipande viwili vya kalibu, yaani chuma kilichochongwa umbo linalotakiwa, presi (mashine ya kugandamizia) inashuka kwa nguvu, bati linabonyea kufuata umbo la kalibu na vifereji vinatokea, vya kupitisha hidrojeni upande mmoja na hewa upande mwingine. Kwa hiyo ni kubonyeza kwa presi. Najua siku hizi kubonyeza kumehamia kwenye simu, lakini mzizi wake ni huu huu, kitu kubonyea, yaani kuingia ndani kwa kusukumwa, na hakuna kitenzi kinachofaa bati jembamba kuliko hiki. Kukandamiza ningeliepuka, limeshachukuliwa na siasa. Presi ikishapanda bati hurudi nyuma kidogo, halibaki vile vile kalibu ilivyotaka, na hapo Kiswahili kina kitenzi kizuri mno ambacho watu wamekisahau, kunesa. Andika "bati hunesa baada ya presi kupanda, ndiyo maana kalibu huchongwa kwa kuzidisha kidogo". Na kwenye kona za kifereji metali huvutika ikawa nyembamba zaidi, kona ikiwa kali mno inachanika. Inachanika, sio inavunjika, kuvunjika ni kwa mabamba ya grafiti, ile kaboni kama ya ndani ya penseli.

Kulehemu nalo si lenyewe. Lehemu ni ile metali laini inayoyeyushwa ili kuunganisha vitu vingine, ukisema kulehemu umemwambia fundi aitafute hiyo lehemu. Bamba moja la bipola kwa kawaida ni nusu mbili zilizobonyezwa kila moja peke yake kisha zikabandikwa mgongo kwa mgongo, katikati panabaki njia ya maji ya kupoozea, na kingo zake zinaunganishwa kwa leza inayoyeyusha hizo nusu zenyewe bila kuongeza kitu. Huko ni kuchomelea. Usisahau pia kuandika kwamba bamba hupimwa kama linavuja, kwa sababu tundu dogo tu la kwenye mchomeleo linatosha kuchanganya hidrojeni na maji ya kupoozea.

Mipako, hili naliona kila mahali na linanifanya nifikirie rangi ya ukuta. Stenlesi hujilinda kwa ngozi nyembamba ya oksidi, sawa, lakini ngozi hiyo hiyo inazuia umeme, na mle ndani kuna unyevu wenye asidi na joto la nyuzi 80 hivi, metali inalika polepole na chembe za chuma zinakwenda kuharibu utando wa seli, ule unaotenganisha anodi na kathodi. Ndiyo maana bamba linavikwa tabaka jembamba sana la kaboni au dhahabu, linalopitisha umeme na lisilolika. Kuvika tabaka, basi. Wako wanaolivika bati kabla halijaingia kwenye presi na wako wanaovika bamba likishakamilika, kwa hiyo hata mpangilio wa sentensi yako uangalie kiwanda chako kinafanya lipi.

Seli za mafuta ningebadilisha ziwe seli za fueli, au za hidrojeni, msomaji akiona mafuta anawaza petroli.

Mimi ningeiandika hivi: "Mabamba ya bipola ya seli za hidrojeni hutengenezwa kwa bati la stenlesi linalobonyezwa kwa presi, kisha nusu mbili huchomelewa pamoja kwa leza na bamba huvikwa tabaka jembamba linalopitisha umeme." Ni ndefu kuliko ya programu, najua, ukitaka ikate baada ya presi. Msomee yule fundi halafu uniandikie amesemaje, hasa kwenye kubonyeza, kama kwenye karakana yao wana neno jingine nalitaka.