Nyuma ya mbuni ni upande gani?

Miaka michache iliyopita nilipewa kipeperushi cha kilimo cha kahawa nikitafsiri kwa ajili ya wakulima wa Mbozi. Kiingereza chake kilikuwa chepesi, nikakimaliza kwa siku mbili nyumbani Mbeya. Sentensi moja ilitaka shina kuukuu la mbuni, yaani mti wa kahawa, lifanyiwe "cut back" hadi sentimita 30 kutoka ardhini. Nikaandika: "Kata nyuma shina kuukuu hadi sentimita 30." Mezani sikuona tatizo.

Shambani, mzee mmoja alikishika kipeperushi mkono huu na msumeno mkono ule, akauzunguka mti wake mara mbili. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, nyuma ya mbuni ni upande gani?"

Sikuwa na jibu. Kibaya zaidi, kwa maneno yale mtu angeweza kukata sentimita 30 za juu tu, akauacha mti umechoka vilevile. Nikamuuliza, "Baba, ninyi mnasemaje?" Akajibu papo hapo: "Tunakata, tunaacha kisiki." Tafsiri ndiyo hiyo: kata shina kuukuu, acha kisiki cha sentimita 30.

Tangu siku hiyo nikikutana na kitenzi cha Kiingereza kinachofuatwa na kijineno kama "up", "out", "off" au "back", kijineno sikitafsiri. Najiuliza mwishowe kimetokea nini. Kisiki kimebaki? Dawa imekwisha? Kahawa imeingia ndani? Nikishajua, natafuta kitenzi chetu.

Na mara nyingi kipo, tena kijineno chenyewe kimo ndani ya mkia wake. Tunafunga na kufungua, tunavaa na kuvua, tunaziba na kuzibua. Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye vichanja vya kahawa. Kiingereza kinasema "take in the coffee", na nimeona ikiandikwa "chukua kahawa uipeleke ndani". Mama aliyeanika kahawa akiona wingu limetanda hana muda wa maneno yote hayo. Anapaza sauti mara moja: "Anueni!"

"Run out" nayo inahitaji utulivu. Ikiwa ni ya dawa ya kunyunyizia, basi umeishiwa. Ikiwa ni ya mtoto mlangoni, usiandike "alikimbia nje", alitoka mbio. Kiingereza huweka mwendo kwenye kitenzi na uelekeo kwenye kijineno. Sisi tunaweka uelekeo kwenye kitenzi (toka, ingia, panda, vuka), mwendo unafuata. Kihispania kinafanana nasi hapo: husema "salió corriendo", alitoka akikimbia, na mto huvukwa "a nado", kwa kuogelea. Nilipolijua hilo nilipata nguvu sana, maana niliacha kudhani kwamba Kiswahili kina upungufu.

Usitegemee kamusi ikupe neno moja la kila mahali. Chukua "break down". Lori kwenye mlima wa Iwambi limeharibika, mazungumzo yamevunjika, mfiwa ameangua kilio, majani kwenye mboji yameoza. Kiingereza ni kimoja, mambo ni manne.

Linaloniuma ni lile lililokwisha kutuzoea: "wataalamu wamekuja na mbegu mpya", kutoka "come up with". Mkulima akisoma hivyo ana haki ya kuuliza mbegu iko kwenye gari gani. Wamezalisha mbegu mpya, au wamebuni mpango. Tusione uvivu kuandika hivyo.

Katika toleo la pili kilichonichukua muda mrefu kilikuwa "die back". Hapa "back" ni safari ya kweli, kwa sababu tawi hufa kidogo kidogo kutoka ncha. Nikaona afadhali sentensi irefuke: "Tawi hukauka kuanzia nchani, ukavu ukielekea shinani." Nilirudi Mbozi nikamsomea yule mzee kwa sauti, tumesimama kando ya mti. Akavuta tawi moja, akapitisha kidole kutoka ncha kavu mpaka palipoanza ukijani, akasema, "Huu hapa."