Stauti ya oti haina ladha ya oti: je, ni kasoro?

Swali: Ninaishi Leeds, Uingereza, na wenzangu wa kazini hukutana kila mwezi kuonja bia na kuzipa alama. Zamu ijayo ni ya stauti ya oti, yaani bia nyeusi iliyotiwa nafaka ya oti. Nilinunua chupa ya Samuel Smith ili nijizoeze, nikaitoa kwenye friji na kuinywa, lakini sikusikia ladha ya oti hata kidogo. Tena, kwangu mimi niliyezoea Guinness ya nyumbani Tanzania, ilikuwa kama imepungukiwa nguvu. Bia ina kasoro, au mimi ndiye sijui kuonja?

Jibu: Bia haina kasoro kwa hayo uliyoyaeleza, na ulimi wako pia hauna tatizo, ila umeutuma kutafuta kitu ambacho haukupaswa kukitafuta. Katika stauti ya namna hii oti huwa sehemu ndogo tu ya nafaka, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 20, na nafaka iliyobaki karibu yote ni shayiri, ikiwemo ile iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi. Ladha ya kahawa na kakao inayotokana na ukaangaji huo huifunika oti kwa urahisi. Mara chache utapata kaharufu ka njugu au ka nafaka mbichi, lakini usipokapata usiipunguzie bia alama.

Kazi ya oti ni nyingine. Aliyewahi kupika uji wa oti anaujua ule utelezi unaobaki kwenye mwiko. Sehemu kubwa ya utelezi huo hutokana na beta-glukani, aina ya nyuzinyuzi za nafaka, ambayo pamoja na protini na mafuta ya oti huipa bia ulaini unaofanana na wa hariri. Ulaini huo usiuchanganye na uzito, kosa ambalo hata waonjaji wazoefu hulifanya. Bia inaweza kuwa nzito kwa sababu tu chachu imeacha sukari nyingi bila kuichachua, na hapo utamu utang'ang'ania midomoni baada ya kumeza. Ulaini wa oti hupita juu ya ulimi na kuondoka. Oti ikizidi, utahisi kama mafuta.

Ili uuhisi, anza na joto la bia. Friji ya kawaida huwa na nyuzi joto 4 hivi, nazo huzima harufu na kuutanguliza uchungu. Iache chupa mezani hadi ifike nyuzi 10 hadi 13. (Ile desturi yetu ya kuagiza bia "ya moto" baa, nayo hupitiliza, kwa kuwa kwenye joto la Dar es Salaam harufu ya kilevi hutangulia kila kitu.) Inuse mara tu unapoimimina, kwa sababu baadhi ya harufu hazidumu, kisha uizungushe glasi ili gesi ipungue, maana mchomo wa gesi huuficha ulaini. Chukua funda dogo, lisukume kwa ulimi kwenye kaakaa, ulimeze, usubiri. Usiliteme, kwani uchungu hupimwa baada ya kumeza.

Kuhusu Guinness, ulilinganisha vitu viwili tofauti. Mwongozo wa mitindo wa BJCP, shirika la waamuzi wa bia la Marekani, huiweka stauti ya oti peke yake, ikiwa na kilevi cha asilimia 4.2 hadi 5.9, wakati stauti kali za kusafirishwa nje, ambazo ndizo ulizozizoea, huanzia asilimia 6.3. Hiyo ya Samuel Smith ina asilimia 5. Hutengenezwa Tadcaster, si mbali na hapo ulipo, na ndiyo iliyoufufua mtindo huu mwaka 1980 ulipokuwa umekwisha kutoweka sokoni.

Katika fomu ya BJCP yenye alama 50, ladha hupewa 20, harufu 12, mwonekano 3, hisia ya mdomoni 5, na mvuto wa jumla 10. Mimi huona alama hizo 5 ni chache mno kwa bia ambayo jina lake lenyewe limetokana na kitu kinachohisiwa mdomoni, lakini ndio utaratibu. Ukali wa punguzo lako uuelekeze kwenye kasoro halisi: ladha ya majivu badala ya kahawa, uchachu wa siki, harufu ya tufaha bichi au ya karatasi iliyolowa. Harufu ya siagi mwongozo huivumilia ikiwa kidogo. Mimi nikiisikia kabla sijaitafuta, ninakata.

Kwa hiyo chupa yako, usiandike chochote kwenye hisia ya mdomoni kwa funda la kwanza. Bakiza nusu ya glasi, uirudie baada ya dakika 20, ndipo utoe namba.