Talaka ya ndoa ya Kihindu Kenya: ile miaka mitatu niliyongoja bure

Nilifungishwa ndoa chini ya mandap, kile kibanda cha harusi ya Kihindu, hapa Mombasa mwaka 2010. Tuliuzunguka moto mara nne kama ilivyo desturi yetu Wagujarati, tukapiga zile hatua saba, mama akalia. Mwaka 2015 mume wangu aliaga kwamba anakwenda Leicester, Uingereza, kutafuta kazi kwa miezi sita. Hakurudi, na baadaye hata simu zangu akaacha kupokea.

Namwandikia dada aliye pale nilipokuwa mimi, anayeambiwa na wazee wa samaj, yaani jumuiya yetu, avumilie, na kila jirani ana sheria yake mdomoni. Jamaa yetu mmoja, kwa nia njema kabisa, aliniambia Mhindu haruhusiwi kuomba talaka mpaka itimie miaka mitatu tangu aachwe. Nikakaa nikihesabu miezi.

Kinachotuhusu ni kifungu cha 70 cha Sheria ya Ndoa ya 2014. Miaka mitatu imetajwa kwa sababu moja tu, kutelekezwa. Ukiitegemea hiyo, iwe imetimia siku unapowasilisha ombi, wala si siku ya kusikizwa kesi. Sababu nyingine hazikuwekewa muda huo: ndoa kuvunjika kiasi cha kutorekebishika, ukatili, uzinzi, mwenzako kuhamia dini nyingine, makosa kama ubakaji na ulawiti, na upotovu uliokithiri. Moja ikithibitika inatosha.

Na mimi nilikuwa nayo tangu mwanzo. Kabla hajasafiri alikuwa akinifungia nje usiku, watoto wakinililia kutoka dirishani. Sikuwahi kuuita ukatili kwa kuwa hakunipiga. Wakili aliponisikiliza alisema ukatili si kipigo peke yake, unaoumiza akili pia unahesabiwa. Kisha akaniuliza, "Ulikuwa unangoja nini?" Nililia pale ofisini kwake.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kesi, keti na mtu anayeijua sheria, umweleze yote, hata yale ya aibu. Aibu ndiyo iliyonificha sababu yangu mwenyewe.

Halafu ushahidi. Jumbe za simu usizifute hata zikikuchoma. Mimi nilizifuta kwa hasira, na kilichoniokoa ni jirani aliyekubali kusimama mahakamani kusema alichokisikia. Andika tarehe kwenye daftari. Ukipigwa, ripoti polisi upate namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha, ijazwe na daktari alama zikiwa bado zinaonekana.

Wazee wetu walipendekeza tumalize kwa karatasi iliyotiwa saini na familia zote mbili. Nawaheshimu, na kwa habari ya vito vya dhahabu walinisaidia sana. Ila karatasi ile haivunji ndoa. Ndoa ya Kihindu Kenya ni ya mume mmoja na mke mmoja, na anayeivunja ni mahakama. Ukiolewa tena kabla ya amri ya mwisho ya talaka, ndoa hiyo ya pili ni batili, hata kama samaj nzima ilikula karamu yake. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeshuhudia linavyomtesa mtu.

Mali ni jambo la pekee, lina sheria yake, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Kulea watoto na kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango. Lakini usiende ukidhani nusu ni yako tu kwa kuwa mlioana: Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba kila mmoja aonyeshe alichochangia. Stakabadhi za karo, za kodi, za duka, ziweke zote.

Amri ya mwisho ikitoka, omba nakala zilizothibitishwa na mahakama. Mimi nilichukua tatu, na moja iko kabatini kwa mama, pamoja na cheti changu cha kuzaliwa.