Kesi za zuio: anza na zaka, Coke atakusubiri

Mwanafunzi mpya akipewa mada ya jinsi mahakama za mfalme zilivyozibana mahakama za kanisa Uingereza, hukimbilia kwa jaji Edward Coke na ugomvi wake na mfalme James wa Kwanza. Kisa ni kitamu, lakini ukianzia hapo utadhani majaji walikuwa wakiamka asubuhi kuwasaka maaskofu. Hati ya zuio, yaani amri ya mahakama ya mfalme ya kusimamisha kesi iliyoko mahakama ya kanisa, iliombwa na mdaawa, na mara nyingi alikuwa mkulima anayedaiwa zaka.

Kasisi anamshtaki mkulima kwenye mahakama ya askofu, anataka sehemu ya kumi ya nyasi alizokata. Mkulima anakwenda Westminster, zilipo mahakama za mfalme, na kueleza kuwa shamba lile, tangu enzi na enzi, hutoa peni kadhaa kwa mwaka badala ya nyasi. Desturi kama hiyo, kwa msimamo wa majaji wa mfalme, huamuliwa na jopo la watu 12, si na hakimu wa kanisa. Zuio linatoka, kesi ya kasisi inasimama. Na kasisi hakubali yaishe, kwa sababu katika karne ya 16 bei zilipanda sana na zile peni zikabaki zilezile. Tafuta hesabu ya namna hiyo kwanza, kabla hujaandika neno "uhuru".

Zuio si rufaa. Halisemi mahakama ya kanisa imekosea, linasema haina mamlaka. Tena lingeweza kufutwa: chini ya sheria ya zaka ya enzi za Edward wa Sita, aliyeliomba alitakiwa kuthibitisha maelezo yake kwa mashahidi wawili ndani ya miezi sita, la sivyo shauri lilirudi kanisani naye akalipa gharama maradufu. Kwa hiyo usihesabu mazuio tu ukatangaza mshindi.

Kesi za matusi nazo zinafundisha. Kumwita jirani mwizi lilikuwa la mahakama za mfalme, kumwita kahaba la kanisa. Ukipata shauri lenye matusi yote mawili, ling'ang'anie.

Sasa nenda kwa Coke, ila kumbuka ripoti zake aliziandika akiwa upande mmoja wa ugomvi. Zisome pamoja na malalamiko ya Askofu Mkuu Bancroft ya 1605 dhidi ya mazuio, kisha kesi ya 1607 ya wakili Nicholas Fuller, aliyefungwa na Tume Kuu, mahakama ya juu ya kanisa. Aliomba zuio, na mwishowe shauri likarudishwa kwa Tume ileile.