Mnauliza kuhusu majaji, mimi namkumbuka wakili wa Serikali

Wiki hii mmeuliza kama Mahakama ya Rufani ya Tanzania inaweza kuiambia Serikali hapana. Inaweza, na ilishafanya. Tarehe 23 Oktoba 2019 iliitupilia mbali rufaa ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Rebeca Gyumi, yule dada aliyepinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyoruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi. Ila kilichoniuma mimi ni kwamba Mahakama Kuu ilishasema tangu 2016 vifungu hivyo vinavunja katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe, halafu badala ya kurekebisha watu wakakata rufaa! Mawakili wanaolipwa kwa kodi zetu wakaenda kuvitetea. Kwa hiyo mimi nauliza, wakili wa Serikali naye anaweza kusema hapana?

Niliamini hawezi, ni wa kutumwa tu. Lakini kuna siku moja Tabora hainitoki.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alifungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, shahidi alisema alimtambua usiku kwa mwanga wa taa ya chemli, basi. Rufaa ya kwanza ikagonga mwamba. Ya pili ikaja Mahakama ya Rufani walipokuja kukaa kikao, majaji watatu mbele, kaka hana wakili, kakonda, kashika sababu zake za rufaa alizoandikiwa gerezani, karatasi zimechakaa kwenye mikunjo. Jaji akamuuliza kama ataanza yeye, akasema Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ianze, wenzake ndani walishamwelekeza. Akasimama wakili wa Serikali, dada mdogo tu, akasema, "Waheshimiwa majaji, tunaunga mkono." Mama mkubwa akanibana mkono mpaka kucha zikaingia, akijua anaunga mkono kifungo, ndo tumekwisha, manake yule dada alikohoa kidogo hapo katikati kabla hajamalizia: "rufaa hii". Anaunga mkono rufaa! Akaanza kueleza kwamba shahidi hakusema taa ilikuwa wapi, mwanga wake ukoje, alisimama umbali gani, alimtazama mtu huyo kwa muda gani, akataja kesi ya Waziri Amani ya 1980 inayotaka hayo yote yaelezwe. Yaani kila nilichokuwa nakisema nyumbani kwa hasira yeye alikisema kwa utaratibu, ukurasa kwa ukurasa, na ndiye aliyetakiwa kutupinga. Jaji akamuuliza kaka kama ana la kuongeza, akatikisa kichwa tu, sauti haikutoka. Siku chache baadaye hukumu ikasomwa, aachiwe huru labda awe anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Alishakaa ndani miaka saba.

Nimeanza kuandika nikitaka kuwasema hawa mawakili wote, sasa naona nitakuwa namuonea yule dada. Lakini nisidanganye pia, ile ilikuwa jinai, iko chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye katiba ibara ya 59B inamtaka azingatie kutenda haki, na kaka yangu hakuna mkubwa aliyekuwa na haja naye. Kesi ya kikatiba ni Mwanasheria Mkuu na mambo ni mengine kabisa. Hata majaji wenyewe huko wanabadilika, mwaka 2010 kwenye kesi ya mwanasiasa Mtikila, aliyetaka mtu aweze kugombea bila chama, Mahakama ya Rufani walikaa majaji saba wakasema hilo ni la Bunge, ikabidi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha iseme 2013 kwamba haki yake imevunjwa.

Kwa hiyo jibu langu, anaweza. Kwa mtu kama kaka yangu anaweza, nimeona kwa macho yangu. Kwenye kesi inayoigusa Serikali yenyewe bado sijamuona, na ningependa sana awe yule yule dada.