Mshahara umekwenda wapi? Tunajibu maswali yenu

Mshahara unaisha tarehe 15 na sioni nilichonunua. Nianzie wapi? (Mwalimu, Iringa)

Usianze na bajeti, mwalimu. Kupanga usichokijua ni kubahatisha. Chukua daftari dogo, na kwa siku 30 andika tarehe, kitu, kiasi, na kama umelipa taslimu au kwa simu. Andika papo hapo. Ukingoja usiku, bodaboda ya 1,000 imeshasahaulika. Wengi huharibu kwa kuandika "sokoni 20,000". Hilo halikuambii kitu. Tenganisha nyanya, mafuta, mkaa.

Kabla ya kulala hesabu pesa zilizobaki mfukoni. Tuseme asubuhi ulikuwa na 30,000, umeandika 11,500, na umebaki na 16,000. Kuna 2,500 haina jina. Usiisingizie nauli ili hesabu ikae sawa, iandike "haijulikani". Safu hiyo ndiyo itakayokufundisha kuliko zote. Chai na chapati za 1,500 kwa siku 22 za kazi ni 33,000, na hakuna anayezikumbuka mwisho wa mwezi.

Ukianza Juni au Julai, baridi ya huko hula mkaa. Usiufanye mwezi huo kipimo cha mwaka mzima.

Nauza viazi mara mbili kwa mwaka. Daftari la mwezi linanihusu nini? (Mkulima, Njombe)

Linakuhusu sana, ila anza na msimu. Umeuza, umebaki na 2,400,000 baada ya kulipa vibarua na usafiri. Kabla ya kugusa hata shilingi, toa mbolea na mbegu za msimu ujao, tuseme 900,000, kisha ada 300,000. Zimebaki 1,200,000. Kama mavuno mengine yako miezi sita mbele, nyumbani kwako kunaishi kwa 200,000 kwa mwezi, michango ya harusi na misiba ikiwa humo humo. Pesa nyingi ya mavuno hudanganya macho kwa sababu pesa ya mbolea bado imo ndani yake.

Dukani kwangu nikiishiwa unga nyumbani nachukua tu. Ni matumizi? (Mama mwenye duka, Mwanjelwa)

Ndiyo, mama, na ndiyo yanayokula mtaji kimyakimya. Andika kila kilo kwa bei uliyonunulia, na jioni rudisha pesa hiyo kwenye droo ukitoa kwenye pesa ya nyumbani.

Makato ya simu niyaandike? (Dereva bajaji, Uyole)

Yaandike kwenye mstari wake. Usifute ujumbe wa muamala. Makato yameonyeshwa humo. Makato huenda kwa viwango, kwa hiyo linganisha kutoa 10,000 mara tano na kutoa 50,000 mara moja.