Kabla ya kuongeza keni ya jioni, tandaza mabua

Anayelima bustani kwenye mchanga wetu wa Kigamboni ana kilio kimoja: maji hayakai. Umemwagilia asubuhi, ikifika saa nane mchana tuta jeupe. Wengi dawa yao ni kuongeza keni ya jioni. Mimi kwenye bamia na biringanya zangu nimeiacha hiyo keni kwa kutandaza mabua makavu juu ya udongo, na mimea haijanilaumu.

Udongo ukilowa juu, maji hupaa kwa kasi inayotakiwa na jua na upepo. Kwa jua la pwani, milimita 4 hadi 5 kwa siku si ajabu. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo tuta la mita 1 kwa 10, likishinda limelowa kutwa, linaweza kupoteza lita 40 hadi 50. Ndoo mbili kubwa hizo, na bamia hata hazijaonja. Kama maji yako ni ya kununua kwa boza, piga hesabu mwenyewe.

Safu ya juu ikishakauka, mwendo hubadilika. Maji ya chini hayapandi tena kirahisi, yanapenya kama mvuke kwenye mchanga mkavu, taratibu. Mchanga hufika hapo mapema kuliko ule udongo mzito wa mabondeni. Sasa wewe unakuja jioni, unarusha maji juu juu, unalowesha sentimita mbili tatu. Mizizi haijapata kitu, na kesho jua linaanza upya na tuta bichi. Hapo ndipo maji mengi yanapopotelea.

Matandazo, yaani hayo mabua yaliyofunika tuta, yanakata hiyo kasi ya mwanzo: jua haligusi udongo, upepo wa kusi haufagii unyevu, na hewa iliyobanwa chini ya mabua inabaki na mvuke wake. Funua mabua mchana, chomeka kidole. Juu mabua yanavunjika kwa ukavu, chini mchanga bado umeshikana na ni wa baridi.

Ila msiyape sifa yasiyo nayo. Tuta likikaa wiki kadhaa bila tone, lililofunikwa na lililo wazi huishia kukaribiana, maana lililofunikwa linaendelea kupoteza kidogo kidogo wakati lile la wazi limeshajifunga kwa ukavu wake. Faida iko kwenye zile siku za mwanzo baada ya kumwagilia au baada ya mvua, hasa za vuli zinazokuja na kupotea. Kwa hiyo ukitandaza, badili na ratiba: maji mengi kwa mkupuo, kisha acha siku ipite. Na mwagia shinani. Ukinyunyiza juu ya mabua, yanakunywa yenyewe na jua linayakausha.

Mabua ya mahindi ndiyo chaguo langu, yakatwe urefu wa shubiri, yalale kimo cha sentimita 5 hadi 10. Inaniuma kuona watu wanayachoma baada ya kuvuna. Nyasi kavu ni nzuri kama hazijabeba mbegu. Pumba za mpunga zinapatikana, lakini upepo unazichukua, na ukizichanganya na udongo zikiwa mbichi, vijidudu vinavyoziozesha vitanyang'anyana naitrojeni na mimea, utaona majani yanakuwa ya njano. Ziache juu tu.

Wenye visima vya maji ya chumvi wana sababu nyingine ya kutandaza. Maji yakipaa, chumvi haipai nayo. Ule utando mweupe juu ya tuta ndiyo yenyewe, na uvukizi ukipungua, inayopandishwa juu nayo hupungua.

Acha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka shina, la sivyo linaoza. Kagua mchwa, wanapenda mabua makavu kuliko unavyodhani. Ukiona vijia vyao vya udongo, ondoa mabua sehemu hiyo mapema. Mchicha wa kumwaga mbegu usiufunike, hautatoboa. Matembele nayo tandazia yakiwa machanga tu, maana yakishatambaa yanajifunikia ardhi yenyewe.